Kirtani kwa vyombo vya Uganda: mwongozo kamili wa kuvipatanisha

Vikundi vingi vinavyotaka kuimba kirtani, nyimbo za ibada za Kihindi za kuitikiana, kwa vyombo vya hapa Uganda huanza na ngoma. Si ajabu: ngoma zipo kila mahali, wapigaji hawakosekani, na dakika kumi za kwanza kila mtu anatabasamu. Kasheshe huanza pale harmonia, kinanda kidogo cha mvukuto, inapofunguliwa mbele ya marimba ya Kiganda, yaani amadinda. Waimbaji hawajui wafuate kipi, mwanzilishi wa wimbo anapaza sauti ili asikike, na mwishowe lawama zinamwangukia mpiga marimba ambaye hajakosea noti hata moja.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na sauti. Ngoma zitakuja baadaye. Kanuni yangu ni hii: chombo kisichoweza kusogea ndicho kinachoamua, na vikiwapo viwili visivyosogea na visivyopatana, kimoja kikae kwenye mfuko.

Kirtani yenyewe

Kirtani ni kuitikiana. Mwanzilishi anatoa mstari, kundi linaurudisha vilevile, mstari unarudiwa mara nyingi na mwendo unapanda polepole. Aliyezoea kasida au zikri hahitaji maelezo marefu. Kwa Wavaishnava (Wahindu wanaomwabudu Vishnu au Krishna) wa Bengali jina linalotajwa kwanza ni Chaitanya (1486–1534), aliyeitoa ibada hii mitaani kwa mridanga, ngoma ya udongo yenye nyuso mbili, na kartali, yaani matuazi madogo ya mkononi. Kwa Masingasinga, mwanzilishi wa dini yao Guru Nanak aliimba huku mwenzake Mardana akipiga rababu. Hapa Uganda nyimbo hizi zilikuja na Wahindi wa reli na wa biashara, na waimbaji wengi waliondoka nazo Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972, hadi familia zilipoanza kurejea.

Harmonia, ambayo wengi huidhania ya Kihindi tangu enzi, ni ya Paris: Alexandre Debain aliisajili mwaka 1842. Mwaka 1875 Dwarkanath Ghose wa Kolkata akatengeneza ile ndogo ya kukalia chini, mkono mmoja ukivuta mvukuto na mwingine ukipiga funguo. Redio ya taifa ya India iliipiga marufuku kuanzia 1940 hadi 1971, na mojawapo ya lawama ilikuwa kwamba haiwezi kuteleza kati ya noti mbili kama koo la mwanadamu linavyoteleza. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba vyombo vya kigeni vinaharibu kirtani, mwoneshe harmonia iliyo mbele yake. Ila lawama ya waliopiga marufuku ni ya kweli, nasi tutakutana nayo.

Hatua ya kwanza: ruhusa

Kabla ya kubeba chombo chochote hekaluni, muulize mwangalizi wa hekalu kuhusu ngozi. Ngoma nyingi za hapa zimewambwa ngozi ya ng'ombe, na kwa Wavaishnava ng'ombe si mnyama wa kawaida. Mridanga nayo huwambwa ngozi, ndiyo maana baadhi ya wazee hawaoni tatizo. Wengine wanaliona, na hekalu ni lao. Ngoma ya ngozi ya mbuzi ni mbadala mzuri, tena ina sauti kali kidogo inayofaa chumba kidogo.

Gurdwara, hekalu la Masingasinga, usilipeleke jaribio lako kabisa. Humo huimbwa maandiko matakatifu kwa utaratibu wake, vichwa vimefunikwa, viatu viko nje, tumbaku na pombe haviingii. Nenda ukasikilize, utajifunza mengi. Majaribio yafanyie kwenye ukumbi wa jumuiya au sebuleni.

Upande wa pili nao una adabu zake. Kila ukoo wa Buganda una mubala wake, pigo la ngoma linaloutambulisha. Usilichukue kwa sababu tu limekupendeza sikioni. Mapigo ya Mujaguzo, ngoma za Kabaka, pia si ya kuchezea. Na mwambie mpigaji mapema kwamba kitakachoimbwa ni majina ya Krishna au Rama. Wapigaji wengi wazuri ni Walokole au Waislamu, na mtu akigundua katikati ya wimbo atajisikia ametegwa. Mpe nafasi ya kupiga bila kuimba, au ya kukataa. Na mlipe. Ibada ni ya kwenu, kwake ni siku ya kazi.

Hatua ya pili: tafuta Sa ya mwanzilishi

Sa ndiyo noti ya nyumbani, pale sauti inapopumzikia. Mwanzilishi aimbe mstari wa chini kabisa na wa juu kabisa wa wimbo bila chombo, na mtu mwingine atafute kwenye harmonia mahali ambapo vyote viwili vinafikika bila kukaza shingo. Wanaume wengi hukaa vizuri kwenye ufunguo mweusi wa kwanza wa harmonia, wanawake kwenye mweusi wa nne au wa tano. Wapigaji wa Kihindi huhesabu hivyohivyo: kali ya kwanza, ya pili, hadi ya tano, kali maana yake nyeusi. Shika hesabu hiyo, tutaihitaji sasa hivi.

Hatua ya tatu: kupatanisha sauti

Hapa ndipo penye kazi. Wanamuziki hugawa oktavu moja katika senti 1200 (za muziki, usitafute shilingi hapo). Harmonia inapanda kwa hatua 12, kila moja senti 100. Muziki wa asili wa Buganda una noti tano katika oktavu, na hatua zake zinakaribia kulingana: kama senti 240 kila moja. Mwaka 1950 Klaus Wachsmann, aliyekuwa akisimamia Jumba la Makumbusho la Uganda, alichapisha vipimo vya ennanga, kinubi cha Kiganda, vilivyoonyesha mpango huo wa hatua sawa. Senti 240 haipo kwenye harmonia. Ipo 200, ipo 300, na noti ya marimba imekaa katikati, haitaki huku wala kule.

Ukiujua mpango huo unaweza kuchagua raga (ngazi ya noti ya Kihindi) inayoumia kidogo kuliko nyingine. Ukihesabu senti kutoka kwenye noti ya marimba inayolingana na Sa, marimba ina takriban 0, 240, 480, 720 na 960. Raga Bhupali, inayopendwa sana kwa bhajani (nyimbo za ibada za Kihindi), ina 0, 200, 400, 700 na 900: noti ya tatu imepishana na ya marimba kwa senti 80, karibu ufunguo mzima, na kila mwenye sikio atakunja uso. Raga Durga ina 0, 200, 500, 700, 900. Sasa pengo kubwa ni senti 60, kwenye noti ya mwisho. Madhyamad Sarang ina 0, 200, 500, 700, 1000, na hakuna noti inayopishana kwa zaidi ya 40. Hii ndiyo ninayoanzia kila mara.

Kwenye harmonia zote tatu zinapatikana kwa funguo nyeusi peke yake, ukibadilisha tu unapoanzia. Anza kali ya tatu ukipanda: Bhupali. Anza kali ya kwanza: Durga. Anza kali ya nne: Madhyamad Sarang, ambayo inawafaa wanawake. Mwanzilishi mwanaume anayetaka Madhyamad Sarang kwenye kali ya kwanza apige nyeusi ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, kisha nyeupe ya saba badala ya nyeusi ya tano. Mwambie mpiga harmonia aweke vipande vidogo vya utepe wa karatasi kwenye funguo hizo tano. Mafundi watacheka, lakini saa mbili za usiku umeme ukikatika utepe unaonekana kwa mwanga wa simu.

Hata hivyo senti 40 bado zinasikika noti ikishikiliwa kwa muda mrefu. Kwa hiyo marimba ikiingia, harmonia iache kufuata wimbo: ishikilie Sa na Pa (ile noti ya 700) tu, kama inavyofanya tampura, chombo cha nyuzi cha Kihindi cha kushikilia noti za msingi. Sa inapatana na marimba, Pa inapishana kwa senti 20 tu. Wimbo ubaki kwa makoo na kwa marimba, na koo la mtu litajirekebisha lenyewe bila kufundishwa. Mpiga harmonia mzoefu hatapenda kushikilia noti mbili dakika kumi. Mbembeleze.

Usimruhusu mtu achonge amadinda ya zamani ili ilingane na harmonia. Inawezekana, kwa kuwa mbao ikipunguzwa chini katikati inashuka na ikipunguzwa kwenye ncha inapanda, lakini kilichochongwa hakirudi. Ukitaka marimba ya kulingana na harmonia, agiza mpya kwa fundi na umpelekee sauti ulizorekodi kwenye simu.

Vyombo vinavyosogea ni vyepesi zaidi. Endingidi, zeze la waya mmoja, ndilo rafiki mkubwa wa kirtani kuliko yote niliyoyasikia hapa nchini, kwa sababu halina noti zilizofungwa. Kidole kinagusa waya popote, sauti inateleza kama koo, na linafanya lile ambalo harmonia inalaumiwa kwa kushindwa. Ukimuuliza mpigaji mzee, "Mzee, tukupe sauti ipi?", huenda akakujibu, "Wewe imba tu, mwanangu, nitakukuta hukohuko." Basi imba. Atageuza kigingi robo mzunguko, atapaka ulimbo kwenye upinde, atajaribu mara mbili akiwa amefumba macho, na amefika. Mpe mstari wa mwanzilishi aufuate nyuma kidogo, asiupige sambamba na harmonia.

Adungu ya Waalur wa Nile Magharibi ni kinubi cha upinde, na nyingi zinazouzwa Kampala leo zimekwisha kuwekwa kwenye ngazi ya noti saba, do re mi ya kanisani. Hizi zinapatana na harmonia moja kwa moja. Badala ya kukaza nyuzi zote ili zifuate Sa yako, hamisha Sa ya harmonia ifuate adungu. Nyuzi za nailoni zikikazwa kupita kiasi hukatika, na vigingi vya mbao huteleza. Adungu kubwa ya besi chini ya mantra (maneno matakatifu yanayorudiwarudiwa) ya polepole inatosha kabisa bila ngoma yoyote.

Akogo ya Waiteso, kinanda cha vidole gumba, hupatanishwa kwa kusukuma vijiti vyake vya chuma: ukikivuta kijiti kikawa kirefu sauti inashuka, ukikirudisha ndani inapanda. Endongo, kinubi cha nyuzi nane cha Waganda, ina mkwaruzo wake mtamu kwa kuwa nyuzi zinagusa ngozi ya kenge. Mkwaruzo huo unapotelea ndani ya sauti ya harmonia, kwa hiyo endongo ipigwe harmonia ikiwa imenyamaza.

Hatua ya nne: mapigo

Kirtani nyingi huenda kwa tala (mzunguko wa mapigo wa Kihindi) ya keherwa, yenye mapigo 8, au dadra, yenye 6. Baakisimba, mdundo wa ngoma wa Waganda, ina mapigo makubwa manne, na kila pigo limegawanyika katika matatu: jumla 12. Keherwa iliyonyooka hugawa pigo katika mawili au manne. Ukiziweka mbili hizi pamoja, mpiga mridanga na mpiga embuutu, ngoma kubwa ya Kiganda, watasukumana wimbo mzima, kila mmoja akiamini mwenzake anakimbia.

Kuna njia mbili zinazofanya kazi. Ya kwanza ni dadra: mizunguko miwili ya sita ni 12, inaingia ndani ya baakisimba bila kubaki kitu. Ya pili ni kuiyumbisha keherwa, kila pigo likawa na sehemu ndefu na fupi, mbili kwa moja. Mantra ya Hare Krishna inaipenda sana njia ya pili. Ina maneno 16, na kila neno lina silabi mbili. Silabi ya kwanza ipewe sehemu mbili za pigo, ya pili sehemu moja. Neno moja, pigo moja. Nusu ya kwanza ya mantra ina maneno manane, kwa hiyo inajaza mizunguko miwili kamili ya baakisimba, na nusu ya pili vilevile. Jaribu kwa kupiga magoti kabla hujagusa ngoma. Mdomo ukishazoea, mikono itafuata.

Wagawie wapigaji kazi hivi. Embuutu ishike mzunguko. Empuunyi, ngoma mwenzake, ijibu kwa chini. Engalabi, ile ndefu ya ngozi ya kenge, inyamaze kabisa mwanzilishi anapoimba na izungumze kundi linapoitikia. Sauti yake inakata kama kisu na haihitaji kipaza sauti hata ukumbini. Mridanga ipambe katikati, ila ikikutana na engalabi, mmoja ampishe mwenzake. Kartali zipige mara mbili fupi, ya tatu ziachiwe zilie hadi pigo la nne lipite. Mtu wa kartali ndiye saa ya kundi zima, kwa hiyo usimpe mgeni kwa kumwonea haya tu kwamba amekaa bure.

Amadinda ina hesabu yake. Ina vipande 12, kwa kawaida vya mti wa lusambya, juu ya vigogo viwili vya mgomba. Wapigaji ni watatu: omunazi anaanza, omwawuzi anajaza nafasi zilizo katikati ya mapigo yake, na omukoonezi anagonga vipande viwili vya juu. Nusu moja ya mantra, kwa mpango wa juu, ina sehemu ndogo 24: omunazi anapata mapigo 12 na omwawuzi 12. Chukua kiitikio chenu, mpe omunazi mifupa ya wimbo huo, yaani noti zake kuu, katika noti 12 zenye urefu sawa, na umwache omwawuzi atafute mchoro mfupi wa noti tatu au nne unaojirudia. Mapigo yao ya mbili-mbili yatapita juu ya mapigo ya tatu-tatu ya ngoma. Msikilizaji ataanza kusikia wimbo ambao hakuna aliyeupiga, na huo ndio utamu wenyewe wa amadinda. Mwanzilishi asijaribu kuhesabu. Asikilize kartali tu, basi.

Kwa kirtani ya uwanjani, vibuyu vya Waacholi vinavyopigwa kwa spoki za baiskeli katika ngoma yao ya larakaraka vinachangamsha umati haraka. Ndani ya chumba vitaua maneno.

Hatua ya tano: kupanga kipindi kimoja

Chukua dakika kama ishirini. Anza na Sa ya harmonia au adungu ya besi peke yake, mwanzilishi aimbe mara mbili bila pigo. Endingidi iingie kwenye kiitikio cha kwanza. Kartali baada ya hapo, kimyakimya. Amadinda ije mapema, mwendo ukiwa bado wa wastani, kwa sababu wapigaji wake tayari wanagonga haraka kuliko mtu mwingine yeyote chumbani, na ukipandisha mwendo unawavunja mikono. Nusu ya pili marimba inyamaze, harmonia irudi kwenye wimbo, ngoma zote ziingie.

Kirtani hupenda kupanda kasi hadi mwisho, na ngoma za Kiganda zina njia yake tayari: kutoka baakisimba kuingia nankasa, ambayo ni ya haraka zaidi. Kubadilisha kufanyike kwenye mpaka wa mantra, mwanzilishi akiinua mkono mzunguko mmoja kabla. Kusimama pia kupangwe, maana kundi lisilojua mwisho uko wapi humalizia kama matatu lililoishiwa mafuta. Sisi hutumia pigo tatu za engalabi, kisha kimya.

Usitumie vyombo vyote katika wimbo mmoja. Vitatu vyenye sauti na viwili vya mapigo vinatosha, na mara nyingi hata hivyo ni vingi.

Maneno

Majina yabaki kama yalivyo. Beti za maelezo katikati unaweza kuziimba kwa Kiswahili au Kiganda, ukipenda, mstari mfupi wenye silabi zinazolingana na kiitikio. Govinda, Gopala na Radhe vinakaa vizuri mdomoni mwetu. Krishna ndiyo inayosumbua: wengi hutamka Kirishina, silabi mbili zinakuwa nne na pigo linaharibika. Wafanyishe waimbaji zoezi la kulitamka polepole juu ya kartali kabla ya kuimba.

Mazoezi na vyombo

Zoezeni waimbaji peke yao kwanza, kisha waimbaji na kartali, kisha chombo kimoja kimoja. Rekodi kwa simu iliyowekwa mbali, karibu na mlango. Ukishindwa kusikia maneno hapo, punguza chombo, usiongeze kipaza sauti. Vipaza sauti wapewe mwanzilishi, endingidi na harmonia, kwa mpangilio huo. Kaeni duara, harmonia kando ya mwanzilishi, ngoma nyuma ya waitikiaji ili ziwasukume, na omunazi mahali anapoiona mikono ya mwenye kartali.

Ngoma nzuri utazikuta kwa mafundi wa Mpambire, kwenye barabara ya Masaka. Nenda asubuhi na mpigaji wako, ajaribu mwenyewe. Vyombo vidogo vipo kwenye maduka ya sanaa nyuma ya National Theatre Kampala, ingawa humo vingi vimetengenezwa kwa ajili ya ukuta wa mtalii: kabla ya kulipa, geuza vigingi uone kama vinashika. Jumba la Makumbusho pale Kitante na Ndere Centre, kituo cha ngoma za asili, ni mahali pazuri pa kusikia vyombo hivi vikipigwa na wanaovijua.

Siku ya tukio ngoma za ngozi zipashwe moto kidogo au ziwekwe juani zikaze, hasa msimu wa mvua. Mridanga ya udongo usiiweke nazo. Ile dawa nyeusi iliyopakwa kwenye nyuso zake hupasuka ikikauka sana, na chungu chenyewe kikipasuka hakina fundi hapa mjini ninayemjua. Harmonia isafiri ndani ya gari, mapajani mwa mtu kama hakuna nafasi nyingine, kamwe si nyuma ya bodaboda: mashimo hulegeza ndimi za shaba, na ulimi mmoja uliolegea huanza kulia wenyewe kila mvukuto unapovutwa, noti moja isiyotakiwa, mpaka mfungue sanduku na kuuziba kwa kipande cha karatasi.